Kadi Yangu Ilikuwa na Feni Mbili

Deira, Dubai

Kwako mdogo wangu Chacha,

Shikamoo yako ya juzi uliponipigia simu sikuiitikia, nilikata. Naiitikia hapa: marahaba. Mama hakunilea ninyime mtu salamu, hata kama nina hasira naye, na hasira ninayo mpaka sasa ninapoandika.

Mama anaendeleaje na goti? Mwambie ile dawa ya kuchua apake asubuhi na jioni, halafu aache kuteremka mtoni kuchota maji, kazi hiyo ina watu. Mahindi yameota? Wegesa, huyu dada wa Busawe kule Serengeti ninayelala naye chumba kimoja, amepigiwa simu na kwao akaambiwa mvua ni nzuri, ndipo nikawaza shamba letu hapo Nyamwaga na ile migomba ya nyuma ya jiko. Na yule mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, amekwishazaa? Naona nauliza habari za ng'ombe kabla ya habari zako. Nina sababu, utaiona mbele.

Mimi ni mzima wa mwili. Joto limeshaanza, la kukufanya utamani umande wa nyumbani. Dukani nasimama kutwa nzima, jioni miguu inavimba, viatu navivulia kwenye lifti. Chumbani tuko sita, jiko moja, na kila mtu ana njaa saa ileile. Mwezi uliopita binti mmoja wa ghorofa ya chini, Mganda, aliugua akafariki. Tulichanga, sanduku likapakiwa kwenye ndege, kaka yake akalipokea kwao akasaini karatasi. Alikuwa na kicheko kikubwa, tulikuwa tukimsikia mpaka huku juu. Siku hizi jengo limekuwa kimya.

Barua hii nampa Wegesa, anakuja likizo. Sikutaka kutuma ujumbe kwa sababu ujumbe unafutika, na kwenye simu ukinisikia nalia unadhani yamekwisha. Karatasi utaisoma mpaka chini. Mkeo ataisoma, mama na baba mdogo Mwita watasomewa. Na kwa kuwa watasomewa, naanza mwanzo, wasije wakadhani dada mtu amepata pesa Uarabuni akaanza kumnyanyasa mdogo wake kwa ajili ya kidude cha kompyuta.

Mama, baba mdogo, mnajua kwamba nilisomea kuchora ramani za nyumba pale chuoni Tarime. Siku hizi mtu akitaka kujenga hataki tena mistari kwenye karatasi. Anataka aione nyumba yake kwenye kioo, bati la rangi gani, varanda imekaaje, kabla hajanunua tofali hata moja. Kompyuta ya kawaida haiwezi kazi hiyo, inaganda. Inahitaji kadi ya grafiki, kifaa kinachochomekwa ndani yake ili kitengeneze hizo picha. Chacha ana studio, anapiga video za harusi na tohara na misiba, naye kadi ingemfaa. Kwa hiyo tulikubaliana hivi: mimi natafuta kadi, natuma, mkataba wangu ukiisha narudi, tunafanya kazi chumba kimoja, yeye video, mimi ramani. Kadi ile ndiyo ilikuwa mlango wangu wa kurudia nyumbani. Naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusikiliza.

Chacha, wewe unadhani niliiokota. Mimi nauza vitu hivi. Kila siku nasimama mbele ya ukuta wa maboksi, watu wa kila taifa wananiuliza swali lilelile: ipi ina thamani kuliko bei yake? Za bei ya chini kabisa zinachoka mapema, za bei ya juu ni za matajiri, ubishi wote uko kwenye zile za katikati. Kuna kampuni ya kijani na kampuni ya nyekundu, na mashabiki wao wanagombana kuliko watu wa mpira. Wa nyekundu anakupa memori nyingi kwa pesa ndogo. Wa kijani anakubania memori, lakini ile programu yangu ya kuchorea nyumba inaelewana naye zaidi, na video zako pia.

Mpya ya kijani ilikuwa na giga nane. Ina mbio, vijana wa gemu wanaipenda, ila ukiiwekea nyumba yenye vigae na miti na gari uani, memori inajaa, kazi inakatika katikati. Ya giga kumi na sita ilikuwa kadi ileile, wameiongezea memori na bei juu, na pesa hiyo sikuwa nayo. Zikabaki zilizotumika, na huko ndiko watu wanakouziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu nyingi zimetumikishwa kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana, kisha zinafutwa vumbi na kuuzwa kama za bibi harusi. Nilizikataa nyingi. Moja feni yake ililia, nyingine ilivuja mafuta, nyingine skrubu zake zilikuwa zimekwanguka kwa kufunguliwa mara kwa mara.

Mwisho nikaipata ya kijani, ya kizazi kilichopita, giga kumi na mbili, fupi, feni mbili. Fundi wetu dukani aliiendesha mchana mzima kwa kazi nzito mpaka akaniambia chukua. Haili umeme mwingi, inatumia waya mmoja tu wa umeme, na pawa saplai uliyonayo ingeibeba bila wewe kununua nyingine. Palikuwa na dada yake mwenye feni tatu na taa, ndani ni kitu kilekile, ila unalipia mwili mkubwa na mwanga. Niliiacha. Niliyoichukua bei yake ilikuwa kama ya mtamba mmoja mzuri hapo mnadani. Sikula nyama kwa muda mrefu, na sikulalamika. Nilijiambia ng'ombe haelemewi na nunduye.

Ilifika kwenu wakati wa Pasaka ya mwaka jana. Mlipiga picha, ninayo kwenye simu. Wewe umeishika kifuani kama mtoto wa kubatizwa, mkeo anacheka, feni mbili zinaonekana wazi.

Halafu wezi wakavunja duka la jirani yako. Ukaogopa, na sikulaumu kuogopa. Umeme nao ulikuwa unakatika. Lakini badala ya kuniuliza ukafanya alivyokuwa akifanya baba na ng'ombe wake. Ukaichukua kadi ukaipeleka Sirari kwa Mniko, uliyetahiriwa naye siku moja, mwenye banda la gemu, ikae huko. Mimi nilikuja kujua baadaye, na hapo uliniambia kwa furaha kabisa. Ulisema, dada, haifai kuweka mali yote zizi moja. Mniko ataitumia, hayo ndiyo maziwa yake, na katika mapato atatununulia kadi ya pili, hiyo ndiyo ndama wetu.

Mura, kijana wa kwetu, kadi haizai. Siku inapotoka kiwandani inaanza kuzeeka. Ng'ombe ukimpa rafiki amchunge, baada ya miaka unakuta wako wanne. Kadi ukimpa rafiki aichunge, baada ya miaka unakuta wametoa kizazi kipya na yako imeshuka nusu ya bei, tena imechoshwa na vijana wanaocheza kutwa. Nilikwambia hivyo hivyo, kwa upole. Ukanijibu kwamba nimekaa sana na Waarabu, nimesahau urafiki ni nini. Nikameza. Sasa nasema nilichomeza: wewe ndiye umesahau.

Unakumbuka baba alivyoweka ng'ombe Nyanungu kwa Mzee Gesabo? Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Maziwa yalikuwa ya Mzee Gesabo, ndama wa baba. Mwaka ule yule ng'ombe mweusi alipokufa kwa ugonjwa, Mzee Gesabo alikuja kwa miguu na ngozi begani, kama inavyotakiwa, maana mchungaji wa ng'ombe wa mwenzake akifiwa haleti maneno, analeta ngozi. Na baba, pamoja na urafiki wote ule, hakusema pole kwanza. Aliitandaza ngozi kwenye majani, akaizunguka, akatafuta lile doa jeupe la ubavuni na alama ya sikio. Alipoiona ndipo akampa mkono, wakaketi, mama akawapikia. Mzee Gesabo hakukasirika hata kidogo. Angekasirika kama baba asingeangalia, angejiuliza hivi huyu mtu mali yake aliipenda kweli?

Wewe ulikuwepo. Tulikuwa tumekaa wote pale kwenye ukuta wa zizi.

Basi mwezi uliopita ukaniambia kadi imekufa. Umeme ulikuja kwa nguvu kule Sirari ukaiunguza. Ukasema Mniko ni mtu wa heshima kwa sababu ameileta mwenyewe mpaka Nyamwaga, ameleta ngozi, mila imetimia, hakuna wa kulaumiwa. Ukanitumia na picha ili niamini. Nilikuwa kwenye ngazi za dukani, nikakaa. Nilisikitika kweli, nakwambia, nilisikitika mpaka nikakuonea huruma wewe. Halafu nikaikuza ile picha.

Feni tatu, Chacha.

Kadi yangu ilikuwa na feni mbili. Hiyo ya kwenye picha ni ndefu kama mkono, ya zamani sana, sisi hapa hata kwenye kapu la vyuma chakavu tunaikuta kwa nadra. Au Sirari kuna nyasi nzuri, ikanona, ikaota feni ya tatu? Nilimwonyesha fundi wetu, akacheka akidhani namtania. Kama yangu ingekuwa imeungua kweli, Mniko angeileta hiyohiyo iliyoungua, maana maiti haina soko. Kuleta nyingine maana yake yangu iko hai, imechomekwa pale bandani, vijana wanalipa kuichezea.

Nikajipa moyo kwamba hukujua. Nikasema huyu ni mtu wa kamera, vifaa vya ndani havijui, kaona kitu cheusi chenye feni akaamini. Nikatafuta picha ya Pasaka nikuonyeshe tofauti, na hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Umeishika mwenyewe, Chacha. Vidole vyako viko katikati ya feni mbili. Wewe unayejua ng'ombe wa kila boma hapo kwa rangi na pembe, unayeweza kusimama mnadani ukasema huyu ni mjukuu wa yule, ushindwe kuhesabu mpaka mbili?

Ndipo nikakupigia. Mama na baba mdogo hawakuyasikia, kwa hiyo nayaandika.

Nilikuuliza, "Chacha, hii ndiyo kadi niliyoituma?"

Ukasema, "Dada, ndiyo aliyoileta Mniko."

"Sikukuuliza alichokileta."

"Mniko tumetahiriwa siku moja. Nikisema siyo hii, nimemwita mwizi mbele ya rika lote. Nitakaa wapi mimi?"

"Na mimi ukiniambia ndiyo hii, umeniita nani?"

Ulisema salio linakaribia kwisha, na aliyepiga nilikuwa mimi.

Hilo ndilo lililoniuma, kuliko kadi. Kadi ni chuma na plastiki, kesho zitakuja nyingine. Wewe ulijua. Uliipokea ngozi ya ng'ombe mwingine mikononi mwako, ukajua siyo, ukasema asante, ukampa Mniko soda, kisha ukaipiga picha ukanitumia mimi niilie. Uliogopa aibu ya watu wa rika lako siku moja, ukaona heri mimi nikae huku miaka. Hukusema hivyo kwa mdomo, najua, ila ndivyo ulivyofanya. Na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kwenda zahanati ulipokuwa na surua.

Siku chache baadaye ndipo ukatuma ule ujumbe, laini kama siagi: "Dada, kati ya mpya ya giga nane na ile ya giga kumi na sita, ipi ina thamani zaidi kwa bei ya sasa?" Niliusoma nikiwa namhudumia mteja, nikamrudishia chenji yenye makosa, ikakatwa kwangu.

Haya, nakujibu kama ninavyomjibu mteja yeyote, na sitakudanganya. Ya giga nane bei yake inavutia, lakini kwa ramani na video ni nguo ya mtoto, utaivaa leo kesho imebana. Ya giga kumi na sita ya kijani ni nzuri, ila bei imepanda, maana siku hizi kila mtu anataka memori kwa ajili ya hizi akili za kompyuta, na wauzaji wameshanusa. Ya nyekundu ya giga kumi na sita ni nafuu, ningekuwa nacheza gemu ningeichukua hiyo nifunge mjadala. Kizazi kipya kikija zote zitashuka, lakini lini, hakuna anayejua, hata mabosi wangu wanabahatisha.

Katika zote hizo, yenye thamani kuliko bei yake ni ile ya giga kumi na mbili iliyoko Sirari. Imekwishalipwa. Unachotakiwa kutoa ni nauli ya kwenda na kurudi, na sentensi moja ya kumwambia Mniko. Hakuna duka huku litakalokupa bei nzuri kuliko hiyo. Nenda na baba mdogo Mwita, mtandaze ngozi aliyoileta mbele yake mzihesabu feni zake pamoja. Hamtakuwa mmemwita mwizi. Mtakuwa mmefanya alichofanya baba.

Lakini sitakudanganya kwamba naisubiri. Nilishaaga, Chacha. Nilikuwa nimemwambia meneja kwamba narudi kwetu kufanya kazi yangu mwenyewe, nikasema kwa kiburi kidogo, Mungu anisamehe. Wasichana wa chumbani walinichangia begi kubwa la magurudumu, jekundu, wakaniimbia. Baada ya ile simu nilirudi kwa meneja kuomba nibaki. Alinitazama akatabasamu, akasema nafasi ya kaunta amepewa mwingine kuanzia mwezi ujao, ila kuna nafasi ya stoo, kule chini kusiko na dirisha, mshahara umepungua. Jumatatu nimesaini miaka miwili. Begi liko chini ya kitanda, ndani yake nahifadhi mchele. Ningerudi kufanya nini? Kuchora nyumba za watu kwa kadi ya feni tatu iliyokufa kabla sijamaliza shule?

Mama, usilie. Niko salama, nakula, nasali. Hela ya mbolea ipo na Wegesa, atakupa mkononi mwako, wewe, si kwa mtu mwingine.

Chacha, msalimie baba mdogo Mwita, mpe shikamoo yangu, na umwambie nimemtwisha mzigo bila kumwomba. Msalimie mkeo Wankuru, ndiye peke yake aliyenitumia ujumbe wa pole kutoka hapo nyumbani, na ole wako umgombeze kwa hilo. Msalimie bibi, mwambie kanga zake zimo kwenye mfuko wa bluu. Ukipita Nyanungu, ingia kwa Mzee Gesabo, umpe shikamoo kwa mikono miwili kutoka kwa Bhoke binti wa rafiki yake, mwambie hata huku ng'ambo nasimulia watu habari za ngozi aliyotuletea. Mniko sina salamu zake.

Na wewe, mdogo wangu, sijakukata. Nikisikia unaumwa nitatuma dawa kesho yake. Ila nina ombi moja, na hili usinitajie rika. Yule binti Mganda aliondoka hapa akiwa kwenye sanduku lililopigwa misumari, kaka yake akasaini. Yakinikuta mimi katika miaka hii miwili, siku watakapokuletea sanduku wakakwambia huyu ndiye dada yako, usione aibu mbele ya watu. Lifungue, uangalie.

Ni mimi dada yako,

Bhoke